Nilinunua injini ya rotari used kutoka Japani, haya ndo yaliyonikuta

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake: mbili kati ya tano. Moja ni ya kufungasha, maana mzigo ulikuja umefungwa vizuri hauna hata mkwaruzo, ya pili ni ya spea nilizokuja kuzichomoa humo ndani. Injini yenyewe kama injini haijapata kitu.

Gari ni Mazda RX-8 zile za mwanzo mwanzo, gia za mkono, injini ya 13B-MSP, ile wanayoiita Renesis. Ni injini ya rotari, yaani haina pistoni, ndani yake zinazunguka rota mbili za pembe tatu, moja mbele moja nyuma. Yangu ilikuwa imefikia ile hali ambayo wenye hizi gari mnaijua, asubuhi ikiwa baridi inawaka bila maneno, ukitembea nayo nusu saa ukaizima basi haiwaki tena, stata inazungusha weee mpaka betri inaanza kulia, umekaa pale sheli unajifanya unaongea na simu huku unasubiri ipoe. Hiyo ni kompresheni (ile presha ya kubana hewa ndani ya injini) imeisha, hamna uchawi hapo. Katalisti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosti, ilikuwa imeziba siku nyingi, mimi naona gari nzito nasingizia mafuta mabaya, kumbe joto linakosa pa kutokea linakaanga sili huko ndani, vile vipande vya kwenye rota vinavyozuia presha isivuje. Kosa langu, sibishi.

Sasa njia zilikuwa tatu: kufungua yangu na kuijenga upya, kuagiza ambayo tayari imejengwa upya, au kuchukua used ya Japani. Used ndo nafuu na ndo ya haraka, na mimi nilikuwa na haraka. Muuzaji anajua kuongea huyo, aisee. Alinipigia stori ya Mazda kushinda mbio za magari za Le Mans 1991 na ile gari yao ya 787B ya rota nne mpaka nikajikuta natikisa kichwa tu, kama vile ile gari nayo inakuja kwenye kontena langu. Akasema injini imetolewa kwenye gari iliyotembea kilometa 58,000 (karatasi hamna, ni mdomo), kompresheni "iko safi", na akanitumia video: geji ya kupimia presha imechomekwa kwenye tundu la plagi, stata inazungusha, mshale unapanda unaganda juu. Nikaridhika, nikalipa. Mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe nililifunga mimi.

Ile geji ni ya injini za pistoni. Hili sikulijua na ndo limenigharimu kuliko yote. Rota ina pande tatu, kila upande ni kama silinda yake, na zote tatu zinapita kwa zamu kwenye tundu lile lile la plagi. Geji ya kawaida ina kivalvu ndani kinachozuia presha isirudi, kwa hiyo inachokuonesha ni ule upande wenye presha kubwa kuliko wenzake, hao wengine wawili wanaweza wakawa wamekufa kabisa na mshale ukakaa kimya. Mashine ya kupimia rotari inatoa namba tatu kwa kila rota, zote sita, na inakwambia na spidi ya kuzungusha, maana stata yenye nguvu inapandisha namba na betri iliyochoka inaishusha. Kwa Renesis kipimo cha Mazda ni kwamba kwa mizunguko 250 kwa dakika injini yenye afya inakaa kama 830 kPa (kPa ni kipimo cha presha), na ikishuka chini ya 680 hiyo imeshaisha. Mimi niliuziwa mshale.

Mzigo ulipofika fundi wangu hakugusa spana kwanza, aliinama akaangalia matundu ya kuingizia hewa ubavuni akahesabu kwa kidole. Sita. Nikashusha pumzi, maana kuna Renesis za matundu manne, nguvu yake ni ndogo, na ukiletewa hiyo wakati gari lako ni la matundu sita hapo umeletewa kitu kingine kabisa. Kwa hilo muuzaji hakunidanganya, nampa haki yake. Waya zilikuwa zimekatwa tu kama mtu anakata kamba ya nguo, sensa moja imevunjika shingo, na ile mirija midogo ya plastiki inayopeleka oili kwenye sili ilikuwa imekauka mpaka mmoja ulikatika mkononi, nimeushika tu. Ukichukua injini ya hivi usije ukairudishia mirija ya zamani, bila oili hiyo sili hazimalizi safari moja ndefu.

Halafu akatoa plagi zote nne, akatia spana kwenye boliti ya shafti kule mbele, akawa anazungusha taratibu kufuata saa, huku mimi nimeweka kidole changu kwenye tundu la plagi. Kila shafti ikimaliza mzunguko mmoja kila rota inatakiwa ipumue mara moja, ukizungusha mara tatu umesikia pande zote tatu. Rota ya mbele ikaenda pfuu, pfuu, pfuu, inanisukuma kidole kweli kweli. Nikahamia ya nyuma. Pfuu. Fss. Fss. Pfuu. Fss. Fss. Fundi hakusema kitu, aliniangalia tu halafu akaenda kunawa mikono.

Sikutaka kuamini kidole, kwa hiyo tukahamisha flaiwili yangu, tukaifunga kwenye giaboksi yangu ili stata ipate pa kushika, tukatafuta mashine yenyewe ya rotari. Mbele: 740, 750, 730. Sio mpya ila ni mzima. Nyuma: 700, 510, 490. Na hapo hata kabla ya kufungua unajua mgonjwa ni nani, maana zilizoshuka ni mbili zinazopakana, na katikati ya pande mbili kuna apeksi sili moja, ile ya kwenye pembe ya rota, ikishindwa kubana inavujisha kushoto na kulia. Ingekuwa sili ya ubavuni ungeona upande mmoja tu umeanguka.

Tulijaribu kuibembeleza. Injini ikikaa muda mrefu bila kuwashwa sili zinanata kwenye mfereji wake kwa kaboni na kutu, kuna wakati ukiilowesha inaachia, basi tukamwaga ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) kidogo kwenye matundu ya plagi tukaiacha siku mbili, tukapima tena. 540 na 520. Ndo hivyo.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake nimelihifadhi: gharantii ni ya kuwaka, je imekataa kuwaka? Na kweli jamani ile injini ingewaka! Ikiwa baridi ingewaka vizuri tu, ikishapata moto ndo ugonjwa ule ule nilioukimbia kwenye ya kwangu. Tulibishana wiki nzima, mara fundi wako hajui rotari, mara mashine yenu mbovu, mara nitumie video, nikatuma, kimya, mwisho akarudisha robo ya hela na kusema anafanya hivyo kwa ubinadamu. Nikaichukua. Ukisoma maneno ya gharantii za hizi injini angalia vizuri, "kuwaka" na "kompresheni" ni maneno mawili tofauti, mimi nilisoma moja nikaelewa yote mawili.

Tulipoifungua, rota ya mbele na hauzingi yake (gamba inamozungukia) zilikuwa zinang'aa, kromu haina hata unyoya. Ya nyuma ina mstari wa kutu mwembamba umeenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, pale pale apeksi sili ilipolala miezi yote hiyo, na yenyewe imegandia kwenye mfereji mpaka ilitoka kwa kugongwa. Unyevu uliingia, wakaiacha hivyo hivyo.

Nilichofanya mwishoni ndo kile nilichokuwa nakikwepa tangu mwanzo, kuijenga upya ya kwangu. Nilichukua upande wa mbele wa hii used, nikachanganya na vya kwangu vilivyokuwa bado vina uhai, sili zote mpya, na mipira yote ya kuzuia maji mpya, koili na plagi mpya, na katalisti mpya kwa sababu kurudisha ile iliyoziba ni kuichimbia kaburi injini nyingine. Baada ya kuilainisha kilometa 1,500 tukapima, namba zote sita zimepita 780. Sasa hivi naizima sheli ikiwa ya moto, najaza, nachomoa dipstiki naangalia oili (inakula oili, ndivyo ilivyoumbwa, usije ukashtuka), nawasha, inashika hapo hapo.

Mtu akiniuliza kama ningenunua used tena, ndio ningenunua, ila ningeilipia kama rundo la spea na kuhesabu kabisa hela ya kuifungua, na kama namba sita hazijaja na spidi yake silipi hata nusu. Muuzaji ambaye anakupa kamera ndogo ichungulie kwenye matundu ya ekzosti, na kwa Renesis hayo yako kwenye sahani za pembeni hivyo sili za ubavuni unaziona kabisa unaweza hata kuzibonyeza uone kama zinarudi, huyo mpe muda wako. Wa kwangu nilipomwomba hivyo alisema injini imeshafungwa kwenye boksi.

Jana kanitumia meseji, anaomba nimwekee nyota tano kwa sababu tulimalizana vizuri. Nimemjibu 700, 510, 490.