Miezi minane na lori la umeme la safari ndefu: uzoefu wangu

Nimeendesha malori ya dizeli kwa miaka mingi, na kwa miezi minane sasa naendesha la umeme, lenye betri ya kilowati-saa 600 hivi, ambalo pamoja na tela na mzigo hufikia tani 40. Kwenye barabara tambarare hutumia takriban kilowati-saa 1.2 kwa kilomita, kwa hiyo kihesabu linaweza kwenda kilomita 500. Mimi sipangi zaidi ya 400, kwa kuwa upepo wa mbele, baridi na milima hula chaji upesi.

Kilichonifanya nilipende ni miteremko. Ninapoachia pedeli, mota hugeuka jenereta, lori hujizuia lenyewe huku likirudisha umeme kwenye betri, na breki za hewa hubaki baridi zikisubiri dharura. Dereva aliyewahi kunusa breki zinazoungua katikati ya mteremko mrefu ataelewa thamani ya jambo hilo. Hata hivyo, sikuelezwa siku ya kukabidhiwa lori kwamba betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo. Tani 40 zikishuka mita 500 hutoa nishati inayokaribia kilowati-saa 54, na ijapokuwa sehemu yake huishia kwenye matairi na hewa, kiasi kikubwa hubaki kikitafuta mahali pa kwenda. Nilichaji hadi asilimia 100 kwenye kituo kilicho juu ya mlima, na nilipoanza kushuka nikakuta lori halijizuii kama nilivyozoea, ikanilazimu kutegemea breki za hewa hadi chini. Sasa nikiwa mlimani naishia asilimia 80, na naona kila dereva angefundishwa hilo kabla ya kupewa funguo.

Kuhusu kuchaji, mashine ya kilowati 350 hunichukua saa moja na dakika chache kutoka asilimia 20 hadi 80. Sheria za Umoja wa Ulaya humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na mashine mpya za megawati zinaweza kuijaza betri kama hii vya kutosha ndani ya muda huo. Kinachonichosha ni vituo vilivyojengwa kwa ajili ya magari madogo, ambako hulazimika kufungua tela ndipo nifikie waya.

Moto nao si wa kupuuzwa. Lori la umeme lililogonga miti huko California mnamo Agosti 2024 lilihitaji takriban lita 190,000 za maji kuzimwa na kupozwa. Kwa sababu hiyo, kitu chochote kikigonga sehemu ya chini ya lori, hata jiwe tu, naliegesha mbali na malori mengine, wala siliunganishi na chaji mpaka fundi akague sanduku la betri.