GoTalk 9+: rahisi kutumia, ila chunga karatasi
Kwa mtoto anayejua anachotaka lakini hawezi kukitamka, GoTalk 9+, kifaa kinachotamka ujumbe uliorekodiwa mtoto akibonyeza picha, ni pa kuanzia pazuri. Ina vitufe 9 vya picha katika ngazi 5 (kila ngazi ni seti yake ya jumbe 9), yaani jumbe 45, na vitufe 3 vya juu visivyobadilika: hapo weka "nataka", "bado" na "basi". Sauti unairekodi mwenyewe, kwa hiyo Kiswahili si tatizo. Arekodi mtoto wa rika lake, si mjomba mwenye sauti nzito. Kasoro ya kifaa ni karatasi ya picha inayowekwa kwenye vitufe, moja kwa kila ngazi. Ukihamisha ngazi ukasahau kuibadilisha, mtoto anabonyeza chai, kifaa kinasema choo! Andika namba ya ngazi pembeni mwa kila karatasi. Inatumia betri 2 za AA. Anayetaka kutunga sentensi zake mwenyewe, haitamtosha.