Jogging ya asubuhi Raskazone, Tanga, ada buku tano kwa mwezi: nawapa nyota nne

Naona wengi mnaulizana kuhusu lile kundi la jogging linalokata Barabara ya Hospitali alfajiri na fulana za kijani, mara ni la chama, mara ni la bodaboda. Wala sio. Ni watu tu wa Ngamiani, Chumbageni, Makorora na kwingineko, wana mwenyekiti wao, mweka hazina, kocha mmoja mwenye filimbi, ada buku tano kwa mwezi, fulana unajinunulia. Mie nimo tangu kabla ya masika kwa hiyo nawaambia ninachokijua.

Tunakutana Bustani ya Jamhuri saa kumi na moja na nusu, tunanyoosha viungo kidogo, halafu mchakamchaka hadi hospitali ya Bombo, mnatokea Raskazone, mnapiga pushapu na skwati kisha mnageuza. Saa hiyo msiione ya mateso, kwa fukuto la Tanga jua likishapanda hata ukienda dukani tu unarudi umelowa.

Sasa kinachowafanya watu wasiache, na hapa ndo hela yako inapofanya kazi, sio kocha. Ni mama mmoja tunamwita Bi Daftari, kazi yake ni mahudhurio. Ukikosa siku mbili mfululizo simu inaita: "Mwanangu, unaumwa au umenuna?" Ukisema unaumwa wanakuja watatu wanne na machungwa ya Muheza, wanakaa, wanakusemesha. Ukisema uvivu anakujibu haya, kesho nakupitia, na kweli anakuja anagonga mlango hodi hodi mpaka jirani anatoa kichwa dirishani kukuchungulia, utabaki umelala wewe? Mie nilishawahi kulipia jimu, kule ukipotea hata mwezi hamna anayekutafuta, tena nahisi wanafurahi maana hela yako wanayo na mashine haichakai.

Kocha naye ana akili zake. Kipimo chake ni chenja, zile nyimbo za kuitikiana mkikimbia. Akiimba ukashindwa kuitikia anajua pumzi imekukimbia, anakurudisha nyuma kwa watembeaji, na huko nyuma hamna kudharauliana kabisa, kuna mabibi wana baibui na raba za mtumba wanatembea kwa kasi hiyo usicheze nao. Na kutembea haraka kunahesabika jamani, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sisi Jumatatu, Jumatano na Jumamosi saa nzima nzima tunazipita, na hizo pushapu ndo upande wa misuli ambao wanataka angalau siku mbili.

Halafu kuna nesi mstaafu anakuja na mashine yake ya presha mara moja moja. Anakukalisha kwanza upoe, hapimi mtu aliyetoka kuhema. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi hakutishi wala hakupi kidonge, anakwambia urudie siku nyingine, ikijirudia uende hospitali. Huduma hiyo bure, niliipenda sana.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. La kwanza kupima uzito hadharani, kocha anasoma kilo kwa sauti utadhani yuko mnadani, shoga yangu mmoja aliondoka siku hiyohiyo hajarudi mpaka leo. Tumelalamika, sasa wanaandika kwenye karatasi, ila akijisahau anatangaza tena.

La pili grupu la wasapu. Admini mmoja anauza chai ya kukata tumbo, kila asubuhi picha, kabla na baada, kabla na baada. Nilisoma kopo, ndani sanamaki, ile ile waliyotupa bibi zetu tukifunga choo! Utaendesha, mzani utashuka maana maji yametoka, ukinywa maji unarudi palepale, mafuta hayajaguswa. Watu wanatoa elfu thelathini kwa hilo wakati mazoezi ni buku tano. Viongozi wanajua na wamenyamaza.

Supu ya Jumamosi na chapati mbili baada ya mazoezi siisemi, kila mtu na tumbo lake.

Ramadhani ratiba inahamia jioni karibu na kufuturu, kutembea tu, hamna mbio. Masika wakikuta Barabara ya Hospitali inatiririka maji wanaahirisha, Bi Daftari anawajulisha mapema.

Anayetaka aanze Jumamosi, siku ya kwanza hulipi. Goti au presha ikikusumbua mwambie kocha kabla hamjaanza, sio katikati ya njia. Maji njoo nayo ya kwako, na baiskeli piga kufuli.