Mlinzi wa gemu za mtandaoni: akae kwenye kompyuta yako au kwenye seva?

Vanguard, programu ya kuzuia udanganyifu inayolinda gemu ya risasi ya Valorant tangu 2020, huamka pamoja na Windows na kukaa kwenye kiini cha mfumo, sehemu yenye mamlaka ya juu kuliko programu za kawaida. VAC ya kampuni ya Valve, iliyoanza 2002 na inayolinda gemu ya Counter-Strike, nayo hukaa kwenye kompyuta yako lakini haiingii ndani hivyo.

Kwa kunasa wadanganyifu, Vanguard iko mbele: programu nyingi za udanganyifu zinazomlengea mchezaji shabaha hubanwa mapema. Lakini gharama unaibeba wewe. Kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ukaguzi wa programu wakati kompyuta inawaka). Mashine kuukuu hubaki nje, Linux ndiyo kabisa. Tena unaikabidhi kampuni funguo za nyumba nzima, jambo ambalo mimi silichukulii kirahisi.

Ulinzi wa seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha mchezo, hauombi funguo. Seva isipokutumia mahali alipo adui nyuma ya ukuta, hakuna programu itakayomfichua. Valorant yenyewe hutumia mbinu hiyo pia. VAC, kwa upande wake, mara nyingi hukawia kufungia akaunti, na wewe umeshapigwa risasi za kichwa jioni nzima.

Kama mashine ni ya gemu tu na unapigania daraja, Vanguard inakufaa. Kama ndiyo yenye kazi za ofisi na akaunti ya benki, cheza Counter-Strike.