GPS ya laini na setilaiti kwa magari ya safari Arusha: ifungwe, lakini ipimwe kwanza

Gari la watalii lenye GPS ya laini ya simu peke yake halina shida kutoka Arusha mpaka Karatu. Shida huanza likishaipita geti la Naabi kuelekea Kogatende, kaskazini ya Serengeti, au likikata Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ziwa Natron. Ofisini nukta inaganda kwenye ramani, na hakuna anayejua kama gari linatembea, limekwama mtoni au limepinduka. Dawa yake ni kifaa chenye njia mbili: laini ya 4G na modemu ya setilaiti, mfano Iridium 9603. Kwa gari linaloingia mbugani kila wiki, ni ununuzi mzuri. Kwa gari la kuchukua wageni KIA na kuwapeleka hotelini Moshi au Arusha, ni hela ya bure.

Iridium inaendeshwa na setilaiti 66 zinazopita kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, kwa hiyo porini kote inafika. Mzigo wake lakini ni mdogo: ujumbe mmoja kutoka kwenye gari hauzidi baiti 340, na unaokuja kwenye gari hauzidi 270. Mahali gari lilipo, mwendo, uelekeo na saa vinaenea kwenye baiti 20. Mgeni anayetaka WhatsApp Seronera hatasaidika na kifaa hiki. Starlink Mini, dishi dogo la intaneti ya setilaiti, ni habari nyingine kabisa: inakula wati 25 hadi 40, na suala la kibali ni la kuuliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuagiza.

Swali la kumwuliza muuzaji kabla ya yote ni hili: kifaa kinaamuaje kuhama kutoka kwenye laini kwenda kwenye setilaiti? Vile vya bei rahisi huangalia nguvu ya mawimbi tu. Kikiona mnara, kinajiona kiko hewani. Porini hilo ni kosa kubwa, maana mnara unaweza kuonekana huku data haipiti. Upande wa Namanga, Natron na kaskazini ya Serengeti laini inaweza kudaka mtandao wa Kenya. Ikiwa haijaruhusiwa kutumia data nje ya nchi, kifaa kinakaa kimya na setilaiti haiguswi. Kifaa kizuri kinasubiri seva ijibu kwamba ujumbe umepokelewa. Jibu lisipokuja ndani ya muda uliowekwa, tuseme dakika tatu, kinatuma kwa setilaiti.

Utaratibu huo nao una mtego wake. Bando likiisha gari likiwa limeegeshwa Njiro, kifaa kitaona seva haijibu na kuanza kutuma kila kitu kwa setilaiti, bili inapanda bila mtu kujua. Kwa hiyo programu ya ofisini lazima itoe tahadhari setilaiti inapotumika ndani ya mji. Mfumo usioweza kuchorewa mpaka wa eneo kwenye ramani usichukuliwe.

Gharama ya setilaiti inategemea mpangilio. Ukituma kila dakika 10 kwa saa 12 za kazi, ni ujumbe 72 kwa siku. Ukikusanya nukta tatu na kuzituma pamoja kila nusu saa, unabaki na ujumbe 24 wa baiti 60, na njia ya gari inaonekana ileile. Uliza kiwango cha chini kinachotozwa kwa kila ujumbe, maana ukituma baiti 20 unaweza kulipishwa 50. Kitufe cha dharura kisingoje nusu saa: kitume papo hapo kwa njia zote mbili kwa pamoja.

Ufungaji ndio unaoharibu vifaa vingi vizuri. Antena iwekwe juu ya dereva, kwenye sehemu ya paa isiyofunguka. Ikiwekwa kwenye paa la kunyanyua, kebo hukunjwa kila wageni wanapotazama wanyama na mwisho hukatika ndani kwa ndani. Isikae chini ya keria yenye tairi la akiba au madumu. Iwe nusu mita au zaidi kutoka antena ya redio koli. Iridium hurusha karibu na megahezi 1,620 na GPS husikiliza kwenye 1,575, kwa hiyo antena ya pamoja isiyo na kichujio inaifanya GPS ipoteze mahali kila modemu inapotuma. Barabara ya vumbi yenye mtikisiko hulegeza skrubu ya antena. Ikazwe, kisha kebo ibanwe kwa tai ya plastiki sentimita chache kutoka pale.

Umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake ya ampea 3. Mafundi wengi hudandia waya wa redio koli au wa inveta ya kuchajia kamera. Modemu ikituma huvuta hadi ampea 1.3 kwa volti 5. Waya mwembamba ukiangusha volti, kifaa kinazima na kuwaka upya katikati ya ujumbe. Mahali pa kufunga waya wa athi kwenye bodi pakwanguliwe rangi hadi chuma kionekane.

Usilipe salio kabla ya kupima mahali pa wazi. Kwanza toa laini, uone ujumbe ukifika ofisini kwa setilaiti ndani ya dakika chache. Kisha weka laini isiyo na bando: hapo ndipo utajua kama kinahama kwa mawimbi au kwa jibu la seva. Ukikipima chini ya miti, usikilaumu haraka. Njia za setilaiti hizi hukutana karibu na ncha za dunia na kutawanyika kwenye ikweta, kwa hiyo huku kwetu mara nyingi ni moja tu inayoonekana. Ukiwa ndani ya msitu wa Manyara au chini ya ukuta wa kreta ya Ngorongoro, ujumbe unaweza kuchelewa. Kifaa kiutunze na kujaribu tena, kisiutupe.

Aprili na Mei magari mengi yamelala. Kifaa kinachokunywa miliampea 50 humaliza ampea-saa 36 kwa mwezi, nusu ya betri ya 70. Kiwekwe kulala gari likizimwa, na mkataba wa setilaiti uruhusu kusimamishwa miezi hiyo bila faini.