Fomu ya wakala wa afya New York, naipa nyota tano

Jamani nimejaza ile fomu ya jimbo ya kumchagua mtu wa kukuamulia matibabu ukiwa huwezi kusema, nimejaza na mama hapa Bronx. Ni bure kwenye tovuti ya idara ya afya ya jimbo, haihitaji wakili wala muhuri. Ukiwa na miaka 18 unasaini na kuweka tarehe mbele ya mashahidi wawili watu wazima, ila yule uliyemchagua hawezi kuwa shahidi, hapo ndo wengi wanakosea. Kuna ofisi ilitaka dola 200 kwa karatasi hiihii, iliniuma sana.

Mama kasaini mezani jikoni, mkono unatetemeka, majirani wawili wakafuata.

Sasa kuhusu kulishwa na kupewa maji kwa mpira, wakala haamui kama hajui ulitaka nini, kwa hiyo muongee kabisa na muandike. Mama alinyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, kama sirudi tena msinifunge mipira." Nikaandika vilevile. Nakala moja tumempa daktari wake, nyingine ninayo mimi.