Ampu ndogo ya tyubu: hesabu nobu za toni kabla hujalipa

Kuna lalamiko moja nalisikia kwa wapiga gitaa mpaka nimelikariri. Mtu kanunua ampu ndogo ya tyubu, zile chupa za glasi zinazokuza sauti, yenye chaneli mbili, kasoma sifa zake zote, wiki ya kwanza furaha tupu, alafu anaanza kuniambia chaneli chafu, ile yenye mkwaruzo, ni tamu balaa ila safi yake, ile isiyo na mkwaruzo, mbovu. Mwingine mwenye ampu ileile ananiambia kinyume kabisa, safi ndo tamu na chafu haifai. Ampu moja, watu wawili, malalamiko yanayopingana, na wote wanasema kweli. Chanzo ni kimoja na sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akikitaja, kwahiyo ngoja nikitaje mimi.

Wati na ukubwa wa spika sitakaa sana huko, hayo kila mtu anayaongelea. Kwenye wati jua hili tu: ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, na ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Spika kama Celestion Greenback kwa wati 1 inatoa desibeli 98 ukiwa mita moja mbele yake, ipe wati 5 inafika 105, na hiyo ndani ya chumba ni kelele nyingi sana. Kwahiyo wati 5 zinatosha nyumbani na kwenye kurekodi, wati 15 mpaka 20 zinatosha kupiga na mtu wa dramu, na tofauti ya 15 na 20 ni ya kwenye karatasi tu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Angalia uso wa ampu. Geini, nobu za kuongeza uchafu, ziko mbili, volyumu ziko mbili, vizuri, alafu unakuta besi moja, mido moja, trebo moja. Nobu za toni ni za pamoja, chaneli zote mbili zinapita hapohapo. Hii ndo kasoro inayoharibu ampu nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kutoa sauti za kila aina, na watu hawaioni kwasababu dukani hakuna anayejaribu chaneli zote mbili moja baada ya nyingine bila kugusa kitu.

Kwanini ni tatizo? Sauti safi inataka besi ya kutosha, mido imepungua kidogo, trebo inayong'aa. Ndo maana Fender za kizamani zinasikika vile zinavyosikika, mzunguko wake wa toni unakata mido wenyewe hata ukiweka nobu zote katikati. Sauti chafu ni habari nyingine kabisa. Tyubu ikizidiwa inazalisha sauti za ziada juu ya noti uliyopiga, kwahiyo ukiongeza trebo unapata mkwaruzo unaochoma sikio, besi ikizidi noti za chini zinavurugana mpaka hujui ipi imeanza ipi imeisha, na ukitoa mido gitaa lako linapotea mara tu bendi ikiingia. Yaani kile ambacho chaneli moja inakihitaji ndo kinachoiua nyingine. Ni shati moja la kuvaliwa na watu wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi.

Fanya hivi uone mwenyewe. Chukua ampu yoyote ya namna hiyo, ingia chaneli chafu, geini juu ya nusu, weka besi 3, mido 7, trebo 4. Piga nyuzi mbili nene kwa pamoja huku umezibana kwa kiganja karibu na daraja: sauti inatoka nzito na imekaza, kila pigo linasimama peke yake. Tamu kabisa hapo. Sasa bonyeza swichi ya mguu uende chaneli safi bila kugusa chochote, piga nyuzi zote sita zikiwa wazi. Sauti imebanwa puani, chini nyembamba na juu butu. Rekebisha basi, besi 6, mido 4, trebo 7, na hapo inafunguka, unasikia kila uzi na nafasi yake. Bonyeza urudi chafu. Inachoma, na kule chini imelegea. Kwenye wimbo unaobadilika mara nne kati ya ubeti na kiitikio huwezi kuinama kila mara kugeuza nobu tatu, kwahiyo watu wanaishia kuweka kila kitu 5 na kuishi na sauti mbili nusunusu, alafu wanalaumu gitaa, wanalaumu nyuzi, wanaanza kununua pedali za kurekebisha kitu ambacho ampu ingetakiwa kuja nacho.

Kwahiyo mpangilio wangu wa ampu za kununua umesimama hapo. Ampu inayotenganisha toni inapanda, isiyotenganisha inashuka hata kama jina lake ni kubwa.

Namba moja ni Blackstar, na nasema wazi kabisa mi ni mtu wa Blackstar, walioianzisha walikuwa mainjinia wa Marshall na wanaonekana walijua nini kiliwakera walikotoka. Kwa nyumbani HT-5R, kwa mwenye bendi HT-20R, zote toleo la MkII. HT-5R ni wati 5 lakini spika yake ni ya inchi 12, na kwenye ampu ndogo hiyo inaleta tofauti kubwa kwenye besi. Tyubu yake ya pawa, ile inayosukuma spika, ni moja tu, 12BH7, ndani ya chupa hiyo moja mna triodi mbili, yaani kama tyubu mbili ndani ya moja, zinazopokezana kusukuma na kuvuta, kazi ambayo ampu nyingine zinaifanya kwa chupa mbili. Chaneli safi ina nobu yake ya toni, chaneli chafu ina besi, mido na trebo zake, juu ya hapo ina nobu inaitwa ISF, ukiizungusha upande mmoja chafu inaelekea tabia ya Kimarekani, besi iliyokaza, upande wa pili inaelekea ya Kiingereza, mido laini zaidi. Na wala si swichi ya hii au ile, unaweza kusimama popote katikati. Unapanga safi yako, unapanga chafu yako, unabonyeza mguu, kila moja inabaki ulivyoiacha. Ina lupu ya efekti pia, matundu ya kuchomekea pedali baada ya geini, kwahiyo dilei yako, pedali ya mwangwi, inakaa huko na marudio yake hayachaniki. Na ukitaka kupunguza pawa, HT-20R inashuka mpaka wati 2.

Kuna watu watakuja kusema hiyo si tyubu tupu, kwenye geini yake kuna msaada wa vipande vya transista. Ni kweli, na mi halinisumbui, kwasababu pawa yake ni ya tyubu na ile namna sauti inavyojikunja ukipiga kwa nguvu ipo. Ningechukua hiyo yenye toni mbili kuliko tyubu tupu yenye toni moja, siku yoyote.

Namba mbili Mesa Boogie Mark Five:25. Kiuwezo hii ndo ya kwanza, sibishani na mtu. Chaneli mbili, kila moja ina modi tatu, kila moja ina toni zake kamili, kila moja inachagua wati 25 au 10. Alafu juu yake kuna ikwalaiza ya slaida tano. Hapa kuna jambo la kujua kabla hujasema ampu mbovu: kwenye ampu za Mark nobu za toni zinakaa kabla ya sehemu kubwa ya geini, si baada yake kama kwenye Marshall, kwahiyo kwenye chafu besi inashushwa karibu na sifuri ili isivuruge, alafu unairudisha kwa zile slaida ambazo zenyewe zinakaa baada ya geini hiyo. Mtu asiyejua anaweka besi 6 kama alivyozoea, anasikia tope, anairudisha dukani. Nimeiweka ya pili kwasababu bei yake inauma jamani, kwa mtu anayetafuta ampu ndogo ya kwanza si haki kumwambia anunue hii.

Namba tatu Orange Rocker 15. Hawa wamelitatua kwa njia ya ajabu kidogo: chaneli safi ina volyumu tu, hamna toni kabisa, na toni zote tatu ni za chaneli chafu peke yake. Kwahiyo unapanga chafu yako utakavyo na safi haiguswi. Kama gitaa lako na ile safi yao vinaelewana umemaliza, kama havielewani huna pa kugeuza, utaishia kwenye nobu ya toni ya gitaa lenyewe. Ijaribu kwa gitaa lako, si la dukani. Inashuka mpaka nusu wati, ina lupu, na spika ya inchi 10 inaifanya iwe ndogo kweli ya kubeba.

Baada ya hapo naweka ampu za chaneli moja, na najua kuna watakaoshangaa. Fender Princeton Reverb, tyubu mbili za 6V6, spika ya inchi 10, haina volyumu ya masta, ile ya kushusha sauti yote mwishoni, haina lupu, haina chaneli ya pili. Na bado kwa sauti nyingi tofauti naiamini kuliko ampu nyingi za chaneli mbili, kwasababu unaipanga safi mara moja inakaa palepale, na uchafu unautoa kwenye pedali ambayo ina nobu yake ya toni. Toni mbili tayari, zimetengana. Blues Junior inaingia mlango huohuo, wati 15, EL84 mbili, spika ya inchi 12, bei chini ya Princeton. Ukiwa tayari una pedali mbili tatu unazozipenda, anzia hapa, usihangaike na chaneli.

Vox AC15 ni ampu ninayoiheshimu sana. Ilitoka 1958, Hank Marvin na wenzake wa The Shadows walianzia hapo kabla ya AC30, na ule mlio wa trebo ya Top Boost, mzunguko wa toni wa Vox, hakuna aliyeuiga vizuri. Kwa sauti hiyo moja ni malkia. Lakini AC15C1 chaneli zake mbili hazibadilishwi kwa mguu, unachomoa waya unachomeka tundu la pili, kwahiyo katikati ya wimbo hesabu kwamba una chaneli moja.

Marshall DSL20CR inapendekezwa kila kona. EL34 mbili, inashuka wati 10, ina lupu, chafu yake ni ileile watu wanayoitafuta kwa Marshall. Na toni ni moja kwa chaneli zote mbili, tena hata kaka yake wa wati 40 ni hivyohivyo. Kama unaishi kwenye chaneli chafu na unapunguza volyumu ya gitaa kupata safi, nunua, utafurahi. Kama unataka safi na chafu zenye tabia tofauti, ndo utakuja kunilalamikia.

Za bei rahisi: Bugera V5 ni chaneli moja, wati 5, inashuka mpaka 0.1, kwa kujifunzia sawa. V22 toni ni za pamoja. Laney Cub12R ina lupu na tundu la chini ya wati 1, kwa pesa yake hiyo ndo ningechukua.

Sasa wauzaji. Ukiingia dukani anakuja kijana, anachukua gitaa la duka, anaweka chaneli chafu, geini mwisho, anapiga vitu vya haraka dakika tano, anakukabidhi risiti. Chaneli safi hujaisikia. Mwambie kwa heshima aweke gitaa la duka pembeni, chomeka lako, panga safi mpaka uridhike, nenda chafu bila kugusa toni, kisha urudi safi. Akianza kukwambia "utaizoea", hiyo ni taarifa tosha. Na hili la swichi ya mguu linanikera mno, mtu anauziwa ampu ya chaneli mbili, akifungua boksi swichi haimo, inauzwa pembeni, kwa bei ambayo kwa kitu chenye kitufe kimoja na waya haielezeki. Uliza imo au haimo kabla hujatoa hela. Na wengine wanaandika "ampu ya tyubu" kubwakubwa kumbe ndani mna tyubu ndogo ya 12AX7 moja mwanzoni na pawa yote ni transista. Uliza tyubu za pawa ni zipi, wakutajie jina, EL84, 6V6, EL34, 6L6. Asipotaja jina hamna.

Bei za tyubu nazo ndo zimekuwa kisingizio. Machi 2022 Urusi ilipozuia bidhaa kadhaa zisitoke nje, tyubu za kiwanda cha Saratov zikakwama, na zile ni chapa nyingi, Electro-Harmonix, Sovtek, Tung-Sol, zote zinatoka hapo. Zuio la tyubu likalegezwa baadaye. Lakini kuna duka nililonunua mimi lilipandisha bei mpaka ya tyubu za JJ, ambazo zinatengenezwa Slovakia na hazikuhusika na zuio lile, tena zilikuwa kwenye rafu kabla ya habari kutoka, na mpaka leo bei haijarudi. Ndo maana idadi ya chupa inabidi uihesabu kwenye bei: Mark Five:25 ina 12AX7 sita na EL84 mbili, HT-5R ina chupa mbili jumla. Ukinunua iliyotumika muulize mwenye ampu tyubu za pawa zilibadilishwa lini, na kama hakumbuki, toa bei ya seti mpya kwenye hela anayotaka.